Foronya ya Safari

Aliyewahi kusafiri na watoto katika Maniema ya kusini ajua kwamba taabu si mchana. Mchana mtoto huona nyani wakivuka njia, huona daraja la magogo na maji yapitayo chini yake, hupewa muhogo wa kuchoma, akasahau. Taabu ni usiku. Lori limenasa matopeni, au pikipiki imeishiwa mafuta, nanyi mmelazwa barazani kwa watu msiowajua. Wakubwa hujinyosha popote. Mtoto hugeuka huku, hugeuka huku, kisha huuliza, "Kichwa nikiweke wapi?"

Swali hilo tuliulizwa na mjukuu wetu mwaka 2019, tulipotoka Salamabila kwenda Kasongo. Mapigano yalikuwa yamekaribia, pande za machimbo ya dhahabu ya Namoya, na jamaa nyingi ziliacha nyumba zao mwaka huo. Hatukusudii kusimulia vita. Twataka kusema habari ya mto wa mtoto, jambo dogo, ambalo mara ya kwanza tulilifanya vibaya, na mara ya pili vema kidogo. Huenda mama mmoja akisoma haya atalifanya vema tangu mwanzo. (Twaandika "sisi," ingawa mshika kalamu ni bibi mmoja mwenye miwani. Washonaji ni wengi, na karibu yote yaliyo mazuri humu ni ya wengine.)

Mtoto yule alikuwa na miaka minane. Miezi michache kabla ya safari tulikuwa tumemshonea foronya, yaani mfuko wa kuvika mto, kwa kitambaa cheupe. Kusema kweli tuliishona kwa kujivunia cherehani kuliko kwa kumfikiri mtoto. Mdomoni tulitia kifungo kikubwa cha buluu, ambacho kila asubuhi kilimwachia alama shavuni kama muhuri wa posta. Mkunjo wa ndani, ule uzuiao vitu visitoke, tuliufanya mfupi, vidole vinne tu, ili kitambaa kitoshe. Na mbele kabisa tulidarizi jina lake zima kwa uzi mwekundu, tukamwonyesha kila mgeni aliyepiga hodi.

Siku ya kuondoka hapakuwa na nafasi ya kubeba mto. Tulitoa sufi yote, tukatia ndani nguo zake, kikombe chake cha bati, na karatasi ya shule yenye matokeo yake ya mwaka, kisha tukaufunga mfuko nyuma ya pikipiki kwa mpira. Wazo lenyewe halikuwa baya, nanyi mtaona kwamba twalifuata hata leo. Ubaya ulikuwa katika kazi ya mikono yetu. Pikipiki ilirukaruka juu ya mizizi na mawe siku nzima. Kifungo kikakatika mahali fulani msituni. Ule mkunjo wa vidole vinne ukaachama kama mdomo wa mtu aliyelala. Jioni tulipoufungua mfuko, shati moja halikuwamo, kikombe hakikuwamo, wala karatasi ya shule haikuwamo.

Shati hununuliwa, na kikombe vilevile. Lakini huko mjini mwalimu mkuu aliomba karatasi, nasi hatukuwa nayo. Shule aliyotoka mtoto ilikuwa imefungwa, na walimu wake wametawanyika. Basi akarudishwa darasa la tatu, alilokuwa amekwisha kulimaliza. Alikaa mwaka mzima na watoto wafupi kuliko yeye, akijibu maswali aliyoyajua, mpaka akachoka kujibu. Hatumlaumu mwalimu. Alikuwa na watoto wengi waliokimbia, na kila mzazi alimwambia kwamba mwanawe ni hodari. Twaulaumu mkunjo wa vidole vinne.

Liko na jambo la pili, nalo ndilo linalotutia baridi mpaka leo. Katika safari ileile tulisimama sokoni kununua maji. Mtu tusiyemjua akasoma lile jina jekundu, akamwita mtoto: "Wewe Fulani, njoo hapa!" Naye akamwendea mbio kama amwendeaye mjomba wake. Hapakutokea ubaya wowote. Mtu yule alikuwa akimchezea tu, tena akampa ndizi. Lakini sisi tulisimama na chupa ya maji mkononi, hatukuweza kusema neno. Tulikuwa tumeshona kwa mikono yetu wenyewe ufunguo wa mtoto wetu, tukautundika nje ya mlango.

Tulipofika Kasongo, tulimweleza mama mmoja mzee, mshonaji wa siku nyingi, mambo hayo mawili. Alisikiliza, akakata uzi kwa meno, akasema, "Mwanangu, jina la mtoto si tangazo. Lishoneni ndani." Hakusema zaidi. Wazee wetu wa Maniema huongea hivyo, na ukitaka maelezo, utakaa nao mpaka jioni.

Tulikaa naye jioni nyingi. Alituambia kwamba kabla ya nguo za dukani watu wa nchi hii walifuma viramba kwa nyuzi za miwale, na viramba hivyo vilikuwa mavazi, tena vilikuwa fedha ya kununulia vitu. Baadaye, katika karne ya 19, misafara ya Waungwana kutoka pwani na Unguja ilifika Nyangwe na Kasongo ikileta merikani, ile nguo ngumu isiyotiwa rangi, iliyopata jina lake kwa sababu ilifumwa Marekani. Mwaka 1917 serikali ya Wabelgiji ilianza kuwalazimisha watu wa Maniema na Sankuru kulima pamba. Babu zetu waliilima, wakaichuma, wakaiuza kwa bei waliyopangiwa. "Pamba ilikuwa nyingi kama mawingu," alisema mama yule, "na mtoto alilalia mkono wake." Tulimwuliza kama wazee hawakuwa na mito kabisa. Akacheka. Baluba, jirani zetu wa kusini, walichonga mito ya mti, mingine kwa sura ya watu wawili waliopakatana, ili misuko ya nywele isiharibike usiku. Leo mito hiyo imewekwa nyuma ya vioo katika nyumba za makumbusho za Ulaya. Ni kazi nzuri sana, lakini hatungemlazia mtoto mwenye homa.

Haya, tuje kwenye kushona. Wasiopenda hesabu watuwie radhi, maana kosa letu la kwanza lilikuwa la hesabu.

Kikwembe kimoja cha yadi mbili, kile ambacho ndugu zetu wa Tanzania hukiita kitenge, chatoa foronya tano za watoto, wala hakitupwi kitu. Kwanza kifuliwe na kuanikwa, kwa sababu kipya hupungua kikigusa maji. Kisha vikatwe vipande vitano, kila kimoja sentimita 99 kwa 34, na zile 99 zifuate upana wa kikwembe. Patabaki ukanda mwembamba pembeni. Ukanda huo upasuliwe mara mbili kwa urefu, kisha kila nusu ikatwe katikati: hiyo ni mishipi minne. Wa tano utatoka katika kipande kinachobaki mwishoni. Kila mshipi ukunjwe mara nne kwa upana na kushonwa, uwe imara.

Sasa zipindwe ncha mbili za urefu, sentimita mbili kila ncha. Umebakiwa na 95. Arobaini ni za mbele, arobaini ni za nyuma, na kumi na tano ni za mkunjo unaoingia ndani. Hizo kumi na tano ndizo darasa la tatu la mjukuu wetu, mtu asiziguse. Kama kitambaa ni haba, afadhali foronya nzima iwe ndogo kuliko kupunguza mkunjo.

Hakuna kifungo, wala zipu. Zipu hukamata nywele na huharibika kwa mchanga, na kifungo tumekwisha kukisema. Mkunjo mrefu wajifunga wenyewe, na kadiri mfuko ujaavyo ndivyo unavyozidi kukaza.

Mshono wenyewe uwe wa mara mbili. Kunja kitambaa kama kitakavyokuwa foronya ikiisha, uso wa nguo ukiwa nje na mkunjo umeingia ndani. Piga bandi kwanza, hasa kama macho yako ni kama yetu. Kisha shona pande zile mbili ndefu karibu na ukingo, kama nusu sentimita hivi. Punguza nyuzi zinazoning'inia, geuza ndani nje, tia ncha za mshipi ndani, moja kila upande karibu na mdomo, halafu shona tena sentimita moja na nusu toka ukingoni. Mshono wa kwanza umefungwa ndani ya wa pili, hauchani wala haumkwaruzi mtoto shavu. Penye mshipi rudia mara tatu. Ukigeuza, utapata foronya ya sentimita 40 kwa 30, yenye mshipi wa kuvaa begani. Asiye na cherehani afanye kwa mkono, sindano ikirudi nyuma nusu hatua kila mara. Foronya yetu iliyodumu kuliko zote haikupita chini ya cherehani hata mara moja. Msichana wa darasa la sita aliishona jikoni, akipepea moto kwa mkono wa pili, kama alivyosema mama yake kwa kutia chumvi.

Juu ya mkunjo, upande usioonekana, huandikwa kwa uzi jina la mtoto, la mama, la baba, kijiji, na parokia. Namba ya simu ni ya lazima siku hizi, lakini namba za simu hubadilika kuliko vijiji. Kwa hiyo twaidarizi kwenye kitambaa kidogo mbali, tukakishikiza kwa mishono michache iwezayo kufumuliwa. Chini yake hushonwa mfuko wa karatasi, wa nguo kuukuu yoyote. Karatasi ya kuzaliwa, ya ubatizo na ya shule zitiwe kwanza katika plastiki, kwa sababu mvua ya Maniema haina heshima kwa karatasi.

Ndani ya foronya, badala ya sufi au pamba, hutiwa nguo za mtoto mwenyewe, zilizokunjwa bapa, na sweta juu kabisa pale shavu linapolala. Hapo tulipata ubishi. Mama mmoja wa kikundi chetu cha kushona, tunachokutana nacho Alhamisi nyuma ya kanisa, alishika kiuno: "Hii si foronya, mama, hii ni mkoba." Wengine walisema mtoto hatalala juu ya suruali. Sisi tulijibu kwamba mtoto aliyetembea siku nzima hatabeba mto pamoja na mkoba. Atatupa kimoja, na si lazima atupe kile unachotaka wewe. Mkoba mchana, mto usiku, mzigo mmoja. Ubishi haukwisha siku ile. Ulikwisha mama yule alipopima: aliifunga foronya iliyojaa begani mwa binti yake wa miaka mitano, akamtuma kwa shangazi yake mtaa wa pili, na mtoto akakawia kurudi. Wakamkuta amelala juu yake chini ya mti.

Uzito ndio wa kuangaliwa. Mtoto mdogo asibebeshwe viatu, sufuria, wala kitabu kikubwa cha kaka yake. Tumewaona wazazi ambao, wakiona mfuko una nafasi, huingiza chupa ya mafuta ya mawese. Mafuta yakimwagika, mtoto hana nguo, hana mto, tena hana karatasi.

Jambo la mwisho tulifundishwa na mama aliyezaa watoto saba na kuhama mara nne. Alituona tukifua foronya zote siku ya kuamkia safari, zikinukia sabuni, nasi tukingoja sifa. Akasikitika. "Mmewafulia harufu ya nyumbani," alisema. Kwake, foronya hulaliwa majuma mawili nyumbani kabla ya kuondoka, na haifuliwi mpaka mtoto azoee mahali papya. Hatukuamini sana. Lakini mwenye kumlea mtoto aliyeachwa na mama yake ajua jinsi anavyoshika kikwembe chake cha zamani na kukiweka puani. Tangu siku ile twafuata neno la mama yule, na sabuni twaitumia mwanzo, kitambaa kikiwa bado hakijakatwa.

Katika kikundi wavulana pia hushona. Mwanzoni walikuja kwa kicheko. Tuliwaambia kwamba washonaji wengi wa Kasongo wakaao barazani na cherehani zao ni wanaume, nao hawachekwi, hulipwa. Mjukuu wetu alikuja Alhamisi ya tatu. Hakusema anataka nini. Alichukua kipande chake, akapima mkunjo kwa rula ya shule, akapima tena. Tulihesabu kimoyomoyo: alikuwa ameufanya wa sentimita 18.

Mwaka 2023, kabla ya shule kufunguliwa Septemba, tulisafiri tena kutoka Salamabila kwenda Kasongo. Safari hii hatukukimbia. Tulikuwa tumekwenda kuwaona ndugu, tukawa twarudi na wajukuu wanne. Kila mmoja alikuwa na foronya yake begani, zote za kikwembe kimoja cha majani ya kijani, tukaonekana kama kwaya. Ya tano, isiyo na jina, tulikuwa tumeikunja chini ya kapu letu, kwa kuwa mbili mara nyingine huchafuka. Mvua ilitukamata mchana. Daraja moja lilikuwa limechukuliwa na maji, nasi tukalala katika kijiji kidogo upande wa huku, katika nyumba ya udongo yenye mlango mmoja, pamoja na wasafiri wengine kama kumi.

Wajukuu walilala mapema kuliko tulivyotazamia. Mdogo kabisa alikuwa amegeuza foronya upande wa sweta, kidole kinywani. Karibu nao alikaa msichana wa miaka sita hivi, akisafiri na shangazi yake kuelekea njia tuliyotoka sisi. Hakulia. Aliwatazama wenzake, akautazama ukuta, akajaribu kulalia dumu la maji, akaliacha.

Mjukuu wetu yule mkubwa hakuwa amelala. "Bibi," alisema kwa sauti ya chini, "ile ya tano."

Tuliitoa kapuni. Shangazi wa mtoto alikataa kwanza, kama ilivyo adabu, kisha akapokea kwa mikono miwili. Walitia ndani magauni mawili na kanga moja, basi, hawakuwa na kingine. Mto ukawa mwembamba, lakini ukawa mto. Mtoto alikwisha kuuweka kichwani mjukuu wetu alipousogeza mkunjo, akauona mtupu, akatutazama sisi.

Uzi mweupe ulikuwa umekwisha. Tulikuwa na mwekundu tu, ule wa miaka ile. Yeye akamulika kwa tochi ya simu, sisi tukavaa miwani, tukamwuliza mtoto jina lake, akalitaja. La mama yake, akalitaja. La kijiji, akasita, akataja viwili: kile walichotoka na kile wanachokwenda.

"Tuandike kipi, mwanangu?"

Alifikiri. "Chenye mwembe," akasema.

Shangazi yake alijua ni kipi. Akatutajia, nasi tukatunga sindano.